HODI KATIKA MAJI YA KASKAZINI

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati, mtoto hufundishwa kupiga hodi kabla hajafundishwa kuhesabu. Hausukumi mlango wa jirani kwa mkono wake. Husimama nje, hutamka neno lile, akangoja aitikiwe karibu. Desturi hiyo yaonekana kuwa ndogo, lakini ndiyo imtengayo mgeni na mvamizi. Yafaa msomaji aikumbuke asomapo habari za safari moja mashuhuri ya mapumziko, ifanywayo mbali sana, katika bahari ya kaskazini mwa Amerika. Huko nako watu na wanyama wana nyumba zao, na kila mwaka wageni huzijia kwa wingi usio wa kawaida.

SAFARI YENYEWE

Tangu mwezi wa Aprili hadi Oktoba, meli kubwa za abiria hung'oa nanga katika bandari za Seattle, Marekani, na Vancouver, Kanada, zikaelekea Alaska, jimbo la kaskazini kabisa la Marekani. Safari ya kawaida huchukua siku saba. Meli hizo ni mfano wa miji ieleayo: zina vyumba vya kulala, majiko, maduka, kumbi za muziki na mabwawa ya kuogelea, na baadhi yake huchukua zaidi ya abiria 4,000. Hupita katika mkondo ulio baina ya bara na visiwa vingi, ambako mawimbi ya bahari kuu hayafiki kwa nguvu zake zote. Upande huu na ule ipo milima yenye theluji vileleni, na misitu minene ya misunobari na mierezi ishukayo hadi ukingoni mwa maji. Mwezi wa Juni jua hukawia mno kutua, hata saa nne za usiku mwanga bado upo angani.

Mji mkuu wa jimbo hilo ni Juneau. Hakuna barabara iuunganishayo na miji mingine. Aendaye huko hana budi kupita baharini au angani. Wakazi wake ni kiasi cha watu 32,000. Hata hivyo, katika mwaka 2023 mji huo ulipokea zaidi ya abiria milioni 1.6 wa meli za mapumziko. Hiyo ni sawa na wageni hamsini kwa kila mwenyeji mmoja, aliye mzee na aliye kitoto mchanga.

WANYAMA NA NYUMBA ZAO

Wengi wa abiria hao huja kwa ajili ya wanyama, na ama kwa hakika hawajutii nauli yao. Mashuhuri kuliko wote ni nyangumi mwenye nundu, ambaye aweza kufikia urefu wa mita 15. Nyangumi huyo huzaa katika maji ya vuguvugu ya Hawaii wakati wa baridi, na muda akaapo huko karibu hali kitu. Majira ya joto yakikaribia, huogelea zaidi ya kilomita 4,000 kwenda Alaska kutafuta chakula. Chini ya mkia wa kila mmoja yapo mabaka ambayo hayafanani na ya mwingine, mfano wa alama za vidole zitumiwazo na polisi. Wataalamu huipiga picha mikia hiyo, na kwa njia hiyo humtambua nyangumi yule yule mwaka baada ya mwaka.

Baadhi ya nyangumi hao huwinda kwa ushirika. Mmoja huzunguka chini ya kundi la samaki wadogo huku akitoa mapovu. Mapovu hupanda juu na kuwazingira samaki kama wavu. Ndipo nyangumi wote hupanda kwa pamoja, vinywa wazi, wakatokeza juu ya maji mbele ya macho ya wageni. Lakini sheria hairuhusu chombo chochote kumsogelea mnyama huyo karibu zaidi ya yadi 100, yaani mita 91 hivi. Nahodha aivunjaye aweza kushtakiwa. Hiyo ndiyo hodi ya nyangumi.

Katika mito mna samaki aitwaye samoni. Huyu huzaliwa mtoni, akaenda baharini kukua, kisha akarudi katika mto ule ule aliozaliwa, akipanda maporomoko, ili atage mayai na kufa. Dubu humngojea kwenye maji machache. Humkamata, humpeleka msituni, na humla nusu. Mabaki yake huoza na kuirutubisha miti. Kwa hiyo mti mkubwa wa huko, ulio mbali na bahari, una ndani yake chakula kilichotoka baharini. Kisiwa cha Admiralty, ambacho wenyeji hukiita Kootznoowoo, maana yake ngome ya dubu, chakadiriwa kuwa na dubu wa kahawia wapatao 1,600.

WENYEJI NI NANI?

Wenye nchi hiyo tangu zamani sana ni Watlingit, pamoja na jirani zao Wahaida na Watsimshian. Msomaji aliyelelewa katika ukoo atawaelewa upesi. Watlingit wote wamegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai, na kila upande una koo nyingi. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa desturi, mjomba ndiye aliyekuwa akimfunza mvulana kazi, nidhamu na historia. Mtu wa upande wa Kunguru huoa au huolewa upande wa Tai, na ukifika msiba upande mmoja, ni watu wa upande wa pili washughulikao na maziko. Baadaye wafiwa huandaa karamu kubwa, wakawashukuru kwa chakula na zawadi mbele ya mashahidi. Katika karamu hiyo hesabu ya hisani huwekwa sawa, wala haifai kusahau.

Wageni wengi huvutiwa na nguzo ndefu za mwerezi zilizochongwa sura za kunguru, tai, dubu na nyangumi. Wamisionari wa kwanza walidhani kuwa hizo ni sanamu za kuabudiwa. Walikosea. Nguzo hizo ni kumbukumbu. Nyingine hueleza asili ya ukoo, nyingine humkumbuka marehemu, na nyingine huweka wazi deni lisilolipwa. Nyimbo, hadithi, majina na sura hizo ni mali ya koo, kama vile shamba lilivyo mali ya mwenyewe. Mtu wa ukoo mwingine haimbi wimbo usio wake bila idhini.

Katika kijiji cha Saxman, karibu na mji wa Ketchikan, ipo nguzo yenye sura ya Mzungu. Huyo ni William Seward, waziri wa Marekani aliyefanya mapatano ya kuinunua Alaska kutoka kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Wenyeji hawakuulizwa neno katika biashara hiyo. Mwaka 1869 Seward alikwenda kuitembelea nchi aliyoinunua. Watlingit walimkaribisha kwa karamu na kumpa zawadi za heshima. Yeye alikula, akazipokea, akaenda zake, wala hakurudisha fadhila hata siku moja. Ndipo wakamchongea nguzo, wakampaka rangi nyekundu puani na masikioni, ili watu wajue kwamba mgeni huyo alikuwa bahili. Abiria wengi hupiga picha mbele yake huku wakicheka, bila kujua kuwa wanatazama hati ya madai.

MKASA WA ANGOON

Ipo habari nyingine ambayo haina kichekesho, nayo yawahusu hasa watu washikao silaha kwa niaba ya serikali. Katika kisiwa kile cha dubu kipo kijiji cha Angoon. Mwezi wa Oktoba mwaka 1882, mganga mmoja mheshimiwa wa Kitlingit alikuwa akifanya kazi katika chombo cha kampuni ya kuvua nyangumi. Chusa chenye baruti kililipuka kwa ajali, naye akafa papo hapo. Kwa sheria ya Watlingit, kifo kama hicho, hata kikiwa cha ajali, hulipiwa fidia. Sheria ya namna hiyo yajulikana na makabila mengi ya Afrika. Wenyeji wakasimamisha kazi, wakadai mablanketi 200.

Kampuni ikapeleka habari kwa Jeshi la Majini kwamba wenyeji wanafanya fujo. Kamanda aliyefika hakuketi kuuliza desturi ya mahali inasemaje. Aliigeuza hukumu: sasa wafiwa ndio watakaolipa, tena mablanketi 400, wakishindwa kijiji kitapigwa. Wakaweza kuleta 81 tu. Tarehe 26 Oktoba mizinga ikaanza kulia. Nyumba zilibomolewa, kisha askari wakashuka na kutia moto zilizobaki. Mitumbwi ikavunjwa, na akiba ya chakula ikateketea wakati baridi inabisha mlangoni. Wazee wa Angoon husimulia kuwa watoto sita walikufa kwa moshi. Mtumbwi mmoja tu ulisalimika, na ndio uliowasaidia waliobaki kutafuta riziki wasife kwa njaa.

Mwaka 1973 serikali ya Marekani ililipa dola 90,000 kwa mali iliyoharibiwa. Watu wa Angoon waliendelea kusema kuwa mali si yote, nao wakaendelea kuomba jambo moja: kuambiwa samahani na jeshi lenyewe. Mwaka 1999 baadhi ya wazee walikwenda kuzuru jumba la makumbusho la New York. Humo wakakuta mchongo wa mnyama akataye miti kwa meno, uliokuwa kwenye omo ya mtumbwi ule uliosalimika. Mchongo huo ulirudishwa nyumbani. Samahani ikawa bado.

LUGHA YAO VITANI

Hapana budi kutaja pia kuwa Watlingit hawakuinyima Marekani damu yao. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, miaka kama sitini baada ya Angoon kuchomwa, vijana wao waliingia jeshini. Baadhi yao walitumia lugha ya Kitlingit kupeleka habari za siri ambazo adui asingeweza kuzifasiri. Hiyo ilikuwa lugha ile ile ambayo watoto walikuwa wakiadhibiwa kwa kuisema shuleni. Kazi hiyo ilikaa siri kwa miaka mingi, hata baadhi yao walifariki bila kuwaambia wake zao. Mwaka 2013 Bunge la Marekani liliwatunuku nishani Watlingit, pamoja na makabila mengine yaliyotumikia kwa njia hiyo.

MAYAI YA SHAKWE

Kituo kipendwacho kuliko vyote katika safari hii ni Glacier Bay, ghuba iliyozungukwa na mito ya barafu. Barafu hiyo hutambaa polepole kutoka milimani, na vipande vikubwa kama nyumba humeguka na kuanguka baharini kwa kishindo cha mizinga. Kabla ya karne ya 18 haijapita nusu, bonde hilo lilikuwa makao ya Watlingit wa Huna. Ndipo barafu ikasonga mbele na kuwafukuza. Wazee husimulia kuwa ilikuja kwa kasi ya mbwa akimbiaye. Mabaharia wa Kiingereza walipopita mwaka 1794 walikuta ghuba karibu yote imejaa barafu. Tangu hapo barafu imerudi nyuma kiasi cha kilomita 100, na bahari imeingia mahali pake.

Wenyeji, waliokuwa wamehamia Hoonah ng'ambo ya mlango wa bahari, walirudi kuwinda, kuvua na kuokota mayai ya shakwe. Lakini mwaka 1925 serikali iliifanya ghuba hiyo kuwa hifadhi, na hatua kwa hatua kazi zao zikapigwa marufuku. Mama aliyekwenda kuokota mayai pamoja na watoto wake, kama alivyofunzwa na mamaye, sasa alihesabiwa kuwa mhalifu.

Desturi yenyewe ilikuwa na busara ndani yake. Shakwe wa huko kwa kawaida hutaga mayai matatu. Mwenyeji akikuta kiota chenye yai moja au mawili, huyachukua, kwa kuwa ndege bado anataga na ataongeza mengine. Akikuta matatu huyaacha, kwa sababu vifaranga huenda vimekwisha kuanza kuumbika. Wataalamu wa elimu ya viumbe walipoichunguza desturi hiyo walikuta ina msingi. Mwaka 2014 sheria ilipitishwa kuwaruhusu watu wa Huna kuokota tena mayai katika ghuba yao.

Mwaka 2016, tarehe 25 Agosti, nyumba kubwa ya koo ilizinduliwa katika ghuba hiyo, iliyojengwa kwa ushirikiano wa wenyeji na idara ya hifadhi. Wenyeji walifika kwa mitumbwi, wakapokewa ufukoni na wakuu wa hifadhi. Meli kubwa ziruhusiwazo kuingia ghubani leo hazizidi mbili kwa siku, na walinzi wa hifadhi hupanda melini kuwaeleza abiria wanatazama nchi ya nani.

FEDHA ZAENDA WAPI?

Msomaji mwenye nyumba atauliza swali la haki: wageni wakija, mwenyeji apata nini? Mithali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hapo zamani aliyepona alikuwa mwenye meli. Huko Hoonah, kijiji cha watu wasiozidi elfu moja, wenyeji walitumia kampuni yao, iliyoundwa chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1971, kufanya jambo la busara. Walichukua kiwanda cha kusindika samoni kilichojengwa mwaka 1912, wakakigeuza kuwa bandari yao wenyewe ya wageni, na mwaka 2004 wakaifungua. Vijana wa kijiji ndio waongozao watu kwenda kuona nyangumi na dubu. Akina mama huuza kazi za mikono yao. Na ngoma hupigwa na wenye ngoma.

Huko Juneau nako wakazi walichoshwa na msongamano. Mji ukakubaliana na wenye meli kwamba tangu mwaka 2024 meli kubwa zisizidi tano kwa siku moja. Faida haikukataliwa, ila ilikumbukwa kuwa hata mgeni mwema akija na watu wengi kupita kiasi, mwenyeji hukosa mahali pa kulala.

SAMAHANI YA ASKARI

Tarehe 26 Oktoba 2024, siku ile ile ya mwaka ambayo mizinga ilipiga, Jeshi la Majini la Marekani lilikwenda tena Angoon. Safari hii Admeri Mark Sucato, kamanda wa eneo la kaskazini-magharibi, alisimama mbele ya wazee, akina mama na watoto, akaomba radhi kwa niaba ya jeshi. Mwezi mmoja kabla ya hapo jeshi hilo lilikuwa limeomba radhi katika kijiji cha Kake, ambacho nacho kilipigwa mwaka 1869. Ilikuwa imepita miaka 142 tangu Angoon kuchomwa. Hakuna aliyekuwa hai kati ya waliopiga, wala kati ya waliopigwa.

Pengine atakuwapo asemaye kuwa samahani iliyochelewa hivyo haina faida. Watu wa Angoon hawakuona hivyo. Kila mwaka walikuwa wakiikumbuka siku hiyo, na watoto wao walikuwa wakiirithi kama deni. Nao watu walioweka alama ya deni la Seward kwenye nguzo ya mwerezi wasingeweza kulisahau la watoto sita. Jeshi lililoomba radhi halikupungukiwa na nguvu. Lilifanya lile ambalo kamanda wa mwaka 1882 alishindwa kulifanya, yaani kuketi na wenyeji na kuwasikiliza.

Katika jambo hili askari yeyote, popote atumikiapo, ana la kujifunza. Apelekwapo wilaya asiyoijua, hata kama ni ndani ya nchi yake, yeye ni mgeni huko. Ana bunduki na ana amri. Lakini hajui kisima ni cha nani, kaburi liko wapi, wala fidia ya ajali hulipwaje. Akiuliza kwanza, kazi yake huwa nyepesi. Asipouliza, huenda akaacha deni litakalolipwa na wajukuu wa jeshi lake. Mke wake naye, ahamiapo kambi mpya, hupata majirani upesi kwa kupiga hodi kuliko kwa kungoja kupigiwa.

Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Juni, koo za Watlingit, Wahaida na Watsimshian hukutana Juneau katika sikukuu yao kubwa iliyoanza mwaka 1982. Wengine hufika kwa mitumbwi baada ya kupiga makasia siku nyingi. Wafikapo, hawashuki mara moja. Huisimamisha mitumbwi majini, hata kama wamechoka na kuloa, wakajitaja ni wa koo gani na wametoka wapi, kisha huomba ruhusa ya kukanyaga nchi ya wenyewe. Wazee waliosimama ufukoni huwaitikia. Baada ya hapo ndipo huruka majini, wakaivuta mitumbwi nchi kavu, nao watoto hukimbia kuwapokea mizigo.